Gurukula, Takshashila au Nalanda: kama ni kuiga, tuige ipi?

Mjadala wa nidhamu shuleni ukipamba moto, hakosekani mtu wa kuleta mfano wa India ya kale. Mwanafunzi alihamia kwa mwalimu, akamchotea maji, akamtafutia kuni, akamheshimu kama mzazi, na akatoka huko mtu kamili. Mfano unavutia, ila unaficha jambo moja: India ya kale haikuwa na mfumo mmoja wa elimu. Ilikuwa na kadhaa, na ile mitatu inayojulikana zaidi ilimweka mwalimu na mwanafunzi wake mahali tofauti kabisa. Anayesema tuige India bila kusema India ipi bado hajasema kitu.

Wa kwanza ni gurukula: nyumba ya mwalimu, mke wake na watoto wake, na wanafunzi wachache wanaokaa humo kwa miaka wakijifunza Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, kwa kusikiliza na kurudia. Wa pili ni wa Takshashila, mji ulioko leo upande wa Pakistani, si mbali na Rawalpindi, ambako vijana walikwenda kumtafuta bingwa wa fani fulani na kumlipa. Wa tatu ni wa nyumba za watawa wa Kibuddha, na iliyovuma kuliko zote ni Nalanda, katika jimbo la Bihar, iliyoanza karne ya 5 na kudumu takriban miaka 700.

Nitailinganisha kwa maswali ambayo mzazi au mwalimu yeyote angeuliza kabla ya kukubali: mtoto anaingiaje, nani anamlisha mwalimu, fimbo inatumikaje, mwalimu akikosea nani anamwambia, na nani anaachwa nje. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa upande wa uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi, kura yangu naipa nyumba ya watawa. Lakini wapo watu ambao ningewaambia wachukue gurukula, na wapo wa Takshashila.

Kuhusu ushahidi, tuwe macho. Mengi tunayoyajua juu ya gurukula yaliandikwa na Wabrahmini wenyewe, tabaka la makuhani na walimu, tena katika vitabu vya sheria vinavyoeleza mambo yanavyopaswa kuwa, si lazima yalivyokuwa. Takshashila tunaijua zaidi kupitia Jataka, hadithi za Kibuddha zilizoandikwa muda mrefu baada ya enzi zinazozisimulia. Nalanda ilielezwa na mahujaji wa China wa karne ya 7, Xuanzang na Yijing, na hao walikuwa wageni waliokirimiwa. Inasimuliwa kwamba Xuanzang alipewa kila siku popoo 20, kungumanga 20, kafuri, na kipimo cha mchele wa daraja la juu. Mgeni wa namna hiyo ni nadra kumsema vibaya mwenyeji wake.

Mlangoni

Vitabu vya sheria vilitaka mtoto wa Kibrahmini apelekwe kwa mwalimu akiwa na miaka 8. Wa Kikshatriya, tabaka la watawala na askari, alipelekwa na miaka 11, na wa Kivaishya, tabaka la wafugaji, wakulima na wafanyabiashara, na miaka 12. Ilifanywa sherehe iitwayo upanayana: mtoto anafungwa mshipi, anapewa fimbo ya kutembelea, anafundishwa ubeti wake wa kwanza wa Veda, na tangu hapo anahesabiwa amezaliwa mara ya pili. Aliyekwenda kuomba kufundishwa alikwenda na kuni mkononi, ishara kwamba yuko tayari kuuhudumia moto wa mwalimu. Kuanzia hapo kazi zake ni moto, ng'ombe, maji, na kupita nyumba kwa nyumba akiomba chakula. Mwana wa tajiri na mwana wa maskini waliomba vilevile, na hilo kwangu ni moja ya mambo bora ya gurukula.

Kisa kinachoionyesha vizuri kimo katika Chandogya, moja ya Upanishadi kongwe, yaani maandiko ya falsafa yaliyoambatana na Veda. Kijana Satyakama anamuuliza mama yake, Jabala, wao ni wa ukoo gani, maana anataka kwenda kusoma. Mama hafichi. Anamwambia: mwanangu, ujanani nilikuwa mtumishi nikihangaika huku na huko, ndipo nikakupata, sijui wewe ni wa ukoo gani. Mimi ni Jabala, wewe ni Satyakama, basi jiite Satyakama Jabala. Kijana anafika kwa mwalimu Gautama, anaulizwa ukoo, anayarudia maneno ya mama yake neno kwa neno. Gautama anasema asiye Mbrahmini hawezi kusema wazi namna hii. Lete kuni, kijana. Nitakupokea, kwa kuwa hukuuacha ukweli.

Halafu anamtengea ng'ombe 400, waliokonda, na kumwambia awafuate. Satyakama anaapa hatarudi mpaka watimie 1,000. Miaka inapita huko malishoni, na mafunzo anayapata kwa fahali, kwa moto, kwa bata bukini na kwa ndege mzamiaji. Anaporudi, mwalimu anamtazama: unang'aa kama mtu ajuaye, nani amekufundisha? Si binadamu, anajibu, ila nataka unifundishe wewe, maana nimesikia kwamba elimu inayopokelewa kwa mwalimu ndiyo inayomfikisha mtu.

Wengi husimulia kisa hiki kama sifa tupu, na uzuri wake haubishaniwi: ukweli wa mtoto ulimfungulia mlango. Ila ukitazama tena, ukoo uliulizwa, na ukweli wenyewe ukageuzwa kuwa ushahidi wa ukoo. Tena kijana alichunga mifugo ya mwalimu kwa miaka kabla mwalimu hajamfundisha chochote kwa kinywa chake. Gurukula ilikuwa hivyo, na anayeiiga anachukua vyote viwili.

Takshashila ilikuwa habari nyingine. Katika Jataka kijana hufika akiwa na miaka 16, mtu mzima kwa hesabu za wakati ule, amesafiri mwenyewe kutoka mbali, mara nyingi kutoka Varanasi. Swali analokutana nalo ni la mkataba: umeleta ada, au utanitumikia ili nikufundishe?

Nalanda ilikuwa na mabawabu. Xuanzang anasema mgeni aliyetaka kuingia katika midahalo ya mle aliulizwa maswali magumu langoni, na kati ya kila watu 10, 7 au 8 walirudi walikotoka. Kwa anayetaka utawa, kanuni za Kibuddha, ziitwazo Vinaya, ziliweka miaka 15 kwa mtawa mwanafunzi na 20 kwa mtawa kamili, tena kwa ridhaa ya wazazi. Hapo gurukula inaachwa nyuma: kanuni iliyoandikwa inayomkataza mwalimu kumchukua mtoto ambaye wazazi wake hawajakubali.

Nani anamlisha mwalimu

Watu husema elimu ya India ya kale ilikuwa bure. Kwa gurukula ni kweli kwa maana moja: mwalimu hakutoza ada, na kitabu cha sheria cha Manu kinamweka anayefundisha kwa malipo, pamoja na anayejifunza kwa kulipa, katika orodha ya watu wasiostahili kualikwa kwenye karamu ya kuwakumbuka marehemu. Mwanafunzi alitoa zawadi siku ya kuhitimu, kwa uwezo wake: shamba, dhahabu, ng'ombe, farasi, hata mwavuli, viatu au mboga. Lakini bure hiyo ilikuwa na wagharamiaji. Wanakijiji walitoa chakula kila siku, kinamama wakiwapimia mlangoni, na mwanafunzi alitoa nguvu zake.

Nguvu za mtoto ndizo penye hatari. Wenyewe waliiona mapema: Apastamba, kitabu cha sheria cha karne kadhaa kabla ya Kristo, kinamtaka mwalimu ampende mwanafunzi kama mwanawe, amfundishe bila kumficha lolote, na asimtumie kwa shughuli zake mpaka masomo yakadhurika, isipokuwa siku za shida. Kanuni kama hiyo haiandikwi mahali ambapo tatizo halijatokea. Na Satyakama yuleyule wa ng'ombe 400, alipokuwa mwalimu, alimweka kijana Upakosala miaka 12 akihudumia mioto yake. Wenzake wakaruhusiwa kwenda kwao, yeye hapana. Mke wa mwalimu ndiye aliyemtetea kijana, mume akaondoka safari bila kusema lolote, na Upakosala akasusa kula. Simulizi inasema mioto yenyewe ilimhurumia ikamfundisha. Watoto wetu hawana mioto ya kuwahurumia.

Takshashila hawakujificha. Ada katika hadithi nyingi ni sarafu 1,000, zinatolewa mwanzoni. Asiye nazo alifanya kazi za mwalimu mchana na kusoma usiku, na Jataka moja inasema wazi kwamba waliolipa walitendewa nyumbani kwa mwalimu kama wana wa kwanza. Mkataba unajulikana, ila mnakaa chini ya paa moja wanafunzi wa aina mbili. Faida yake ni uhuru: mwalimu hana sababu ya kumshikilia aliyemaliza.

Mfano mzuri ni wa tabibu Jivaka, aliyekuja kumtibu Buddha. Alisoma utabibu Takshashila miaka 7, kisha akamuuliza mwalimu ukomo wa elimu hii uko wapi. Mwalimu akampa jembe dogo la kuchimbia, azunguke mji kwa umbali wa yojana moja, kipimo cha kale cha masafa, pande zote, alete kila mmea usiokuwa dawa. Jivaka akazunguka, akarudi mikono mitupu: hakuna mmea usiofaa. Basi umehitimu, akaambiwa, akapewa masurufu kidogo ya njiani, na yalipomwishia mjini Saketa ikabidi atibu mgonjwa wake wa kwanza. Sijasoma mtihani wa mwisho uliotungwa vizuri kuliko huo, popote. Unapima ujuzi wote wa miaka 7 kwa swali moja, na hauwezi kuibiwa majibu.

Nalanda hapakuwa na ada wala kuchunga. Mapato ya vijiji yalitengwa na wafalme: wasifu wa Xuanzang unataja vijiji 100, na Yijing, miongo michache baadaye, anataja zaidi ya 200. Katika karne ya 9 mfalme Balaputradeva, aliyetawala ng'ambo ya bahari huko Sumatra, alijenga nyumba ya watawa Nalanda, na mfalme Devapala wa Bengal akaitengea vijiji 5. Hati yake ya shaba ilipatikana katika magofu. Mwalimu hakumtegemea mwanafunzi kwa chakula, na mwanafunzi hakumtegemea mwalimu. Wote wawili walitegemea ikulu na walipa kodi wa vijijini, na ikulu inapoanguka kila kitu kinatetereka. Mashambulizi ya mwisho wa karne ya 12 yaliikuta Nalanda ikiwa tayari imepungukiwa na wafadhili.

Fimbo

Wanaotaka fimbo irudi kwa hoja ya "hata India walichapwa" wasome kwanza sheria zenyewe. Gautama mtunga sheria, si yule mwalimu wa Satyakama, anasema mwanafunzi kwa kawaida asipigwe. Ikishindikana, itumike kamba nyembamba au ufito mwembamba, na mwalimu akipiga kwa kitu kingine mfalme amwadhibu. Manu anaruhusu kamba au mwanzi uliopasuliwa, mgongoni tu na kamwe si kichwani. Anayepiga kinyume cha hapo anabeba hatia kama ya mwizi. Apastamba anataja adhabu nyingine: kumtia hofu, kumfungisha saumu, kumwogesha maji baridi, kumfukuza mbele ya mwalimu. Kwetu nyingine kati ya hizo ni ukatili, lakini mwelekeo uko wazi: sheria ilikuwa ikiubana mkono wa mwalimu.

Takshashila tunaye mwana wa mfalme wa Varanasi. Baba yake alimpa viatu vya ngozi moja, mwavuli wa majani na sarafu 1,000, akaenda kwa miguu. Siku moja akienda kuoga na mwalimu, anapita palipoanikwa ufuta mweupe wa bibi mmoja, anachota konzi na kula. Bibi ananyamaza. Siku ya pili tena, bibi ananyamaza. Siku ya tatu anapiga kelele: mwalimu huyu anawaachia wanafunzi wake waniibie! Mwalimu anataka kulipa; bibi anakataa malipo, anataka kijana afundishwe asirudie. Mwalimu anaamuru vijana wawili wamshike mikono, anamchapa mwanzi mara tatu mgongoni. Mwana wa mfalme anaweka kinyongo, na alipotawala anamwita mwalimu kwa nia ya kumuua. Mzee anamwambia: nisingekukomesha kwenye ufuta, ungeendelea na keki na matunda, kisha ungevunja nyumba, kisha ungekamatwa kama jambazi na kuletwa mbele ya mfalme. Mfalme anaelewa, anamfanya mzee mshauri wake.

Hadithi inaitetea fimbo. Mimi nasoma zaidi ile sehemu ya kinyongo: viboko vitatu vilikaa moyoni mwa mtu kwa miaka mpaka akapanga kuua, na ilibidi mwalimu afike mwenyewe aeleze jambo ambalo hakulieleza siku ile. Fundisho la wizi lingeweza kutolewa na bibi wa ufuta.

Vinaya haina fimbo. Adhabu ya mwalimu ni kumwondoa mwanafunzi kwake, na hata hiyo ina mizani. Kumwondoa anayejiheshimu na mwenye mapenzi kwa mwalimu ni kosa, na kumwacha asiyestahili ni kosa pia. Aliyeondolewa lazima aombe radhi. Akiomba, mwalimu anayekataa kusamehe amekosa yeye.

Mwalimu akikosea

Hili ndilo swali linaloniamulia.

Gurukula ina sauti mbili. Moja ni ya Manu: mwalimu wako anaposemwa vibaya, hata kwa haki, ziba masikio au ondoka mahali hapo. Kaa chini kuliko yeye, amka kabla yake, lala baada yake. Sauti hii ndiyo inayonukuliwa sana, maana inawafaa wenye mamlaka. Sauti ya pili ni ya Apastamba: mwalimu akivunja kanuni, kwa kusahau au kwa kusudi, mwanafunzi amweleze faraghani. Na katika Upanishadi ya Taittiriya kuna wasia ambao mwalimu anampa mwanafunzi anayerudi kwao. Sema kweli, tenda haki, usiache kujisomea. Mama awe kwako kama mungu, na baba, na mwalimu, na mgeni. Kisha, katikati ya heshima hiyo yote, mwalimu anaongeza: matendo yetu yaliyo mema ndiyo uyafuate, mengine usiyafuate. Mwalimu anayeyatamka hayo siku ya mahafali amejivua umungu kwa kinywa chake. Upanishadi hiyohiyo ina dua ambayo mwalimu na mwanafunzi wanaiomba pamoja, na mwisho wake ni: tusichukiane. Waliotunga dua hiyo walijua kwamba watu wanaoishi nyumba moja kwa miaka huchukiana.

Kwa hiyo gurukula ilikuwa na maadili ya kumkosoa mwalimu. Haikuwa na mtu wa tatu. Mwanafunzi akienda faraghani na mwalimu akakasirika, aende wapi?

Vinaya inaanza kwa lugha ileile ya baba na mwana, na huduma ni zilezile kiasi cha kuchekesha. Mwanafunzi aamke mapema, ampe mwalimu mswaki na maji ya kusukutua, amtandikie mahali pa kukaa, kama kuna uji amletee, kisha aoshe chombo kwa uangalifu kisikwaruzike. Ila ukifungua sehemu inayofuata, orodha inageuka: mwanafunzi akiugua, mwalimu aamke mapema, ampe mswaki na maji, amtandikie, kama kuna uji amletee. Ni maneno yaleyale, anayehudumia ndiye aliyebadilika. Na amwuguze mpaka apone. Yijing, aliyeishi Nalanda takriban miaka 10 na kuandika desturi zake, anathibitisha kwamba yalitendwa: mwanafunzi alimkanda mwalimu viungo, akakunja nguo, akafagia, na akiugua mwalimu mwenyewe alimuuguza na kumpa dawa kama mtoto wake. Jioni na alfajiri mwanafunzi alikwenda kwa mwalimu, akaketishwa kwa raha, akapewa somo linalomfaa, na mwenendo wake ukatazamwa.

Tena kuna lile ambalo gurukula ilikosa. Mwalimu akiingiwa na mashaka au itikadi potofu, mwanafunzi ana wajibu wa kumsaidia kuiondoa, au kumtafuta mtu wa kumsaidia. Mwalimu akitenda kosa zito, mwanafunzi ahakikishe jumuiya inalishughulikia. Mtu wa tatu yupo: jumuiya yenyewe. Tena si kila mtu alifaa kulea. Alihitajika mtawa aliyefikisha miaka 10 na mwenye uwezo. Hata mwisho wa kuwa chini ya mwalimu ulitajwa, miaka 5 kwa aliyeelewa vizuri.

Darasani

Hapa nitapita haraka. Gurukula ilifundisha kwa sikio: Veda ilikaririwa neno kwa neno, kisha kwa jozi, kisha kwa mipangilio ya kwenda mbele na kurudi nyuma ili silabi isipotee, na usomaji huo bado upo, UNESCO iliutambua mwaka 2003. Aliyepita chuoni akihifadhi juzuu hatahitaji kuelezwa nidhamu yake. Lakini kukariri hakukuwa mwisho. Shvetaketu alirudi kwao na miaka 24, amesoma miaka 12, amejaa majivuno. Baba yake, Uddalaka, akamwambia atie chumvi kwenye maji, aje kesho. Asubuhi: nipe ile chumvi. Haionekani. Onja juu, chumvi. Onja katikati, chumvi. Onja chini, chumvi. Basi kilichopo na hukioni kiko hivyo, na wewe ndicho.

Takshashila ilifundisha Veda pamoja na fani 18, zikiwemo upigaji mshale na utabibu. Nalanda ilifundisha kwa mdahalo: falsafa za Kibuddha za madhehebu yote, mantiki, sarufi, utabibu, hata Veda za wapinzani.

Waliobaki nje

Hapa India ya kale haipendezi. Mshudra, mtu wa tabaka la chini la watumishi, alifungiwa Veda, na Gautama yuleyule aliyeizuia fimbo anaandika kwamba Mshudra anayesikiliza Veda kwa makusudi amwagiwe bati na lakiri ya moto masikioni. Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, inamsimulia Ekalavya, kijana wa msituni aliyekataliwa na Drona, mwalimu wa upigaji mshale wa wana wa kifalme, akajifinyangia sanamu ya mwalimu na kujizoeza mbele yake hadi akawapita wana wa kifalme. Drona akadai zawadi ya mwalimu: kidole gumba cha mkono wa kulia. Kijana akakikata. Huwa nashangaa kisa hiki kinapotumiwa kusifu utii.

Takshashila, pamoja na mkoba wake wa fedha, haikuwa bora sana. Jataka ya Chitta na Sambhuta inawasimulia vijana wawili wa Kichandala, waliohesabiwa najisi, waliojifanya Wabrahmini ili wasome. Siku ya karamu chakula cha moto kikamuunguza mmoja mdomo, akapayuka kwa lugha ya kwao, mwenzake akamjibu vivyo hivyo. Wakapigwa na kufukuzwa.

Wabuddha walimpokea Upali, kinyozi, naye akawa mjuzi wa Vinaya yote. Lakini mtumwa, mwenye deni na askari wa mfalme walikataliwa, ili jumuiya isigombane na mabwana zao. Wanawake walikuwa na utawa wao chini ya masharti mazito zaidi kuliko ya wanaume. Upande wa Veda tunao wanawake wawili, Gargi na Maitreyi, wakijadiliana na Yajnavalkya, mwalimu mashuhuri wa Upanishadi, kisha Manu anakuja kusema upanayana ya mwanamke ni ndoa.

Uchague ipi

Ukifundisha watoto wachache, nyumbani au chuoni, fani inayohitaji miaka ya kukaa karibu, kama kuhifadhi, muziki au ufundi wa mkono, chukua gurukula. Chukua sheria ya Apastamba kwanza, ya kutomtumikisha mtoto, kabla ya zile za kuamka mapema. Usiige sehemu ya bure kama huna kijiji cha kuwalisha. Utaishia kuwalisha kwa jasho lao. Waliolifufua jina hilo walilibadilisha: Gurukul Kangri, iliyoanzishwa karibu na Haridwar mwaka 1902 na watu wa Arya Samaj, harakati ya mageuzi ya dini ya Kihindu iliyofika Nairobi mwaka 1903, ilipokea watoto bila kujali tabaka la kuzaliwa.

Ukiwa mtu mzima unayetafuta ujuzi wa kukulisha, Takshashila inakutosha. Mlipe mwalimu, mjue mkataba, mdai mtihani wa aina ya Jivaka, uondoke. Ukiwa mwalimu katika mfumo huo, asiye na ada mpe muda uleule wa mchana.

Ukiendesha bweni, au shule ambako watoto wanalala mbali na wazazi, sioni sababu ya kuacha mfano wa watawa. Huhitaji vijiji 200. Unahitaji wajibu wa mwalimu uandikwe kwa urefu uleule wa wajibu wa mwanafunzi, walezi wachaguliwe kwa uzoefu, na mtoto awe na mahali pa kupeleka shauri lake nje ya mlezi wake.

Na kama wewe ndiye mwanafunzi, unaitwa leo kwenda kukaa kwa guru wa yoga, wa muziki au wa dini yoyote, muulize kabla hujafunga mzigo: nikiona umekosea nikuambie wewe, au nimwambie nani? Na miaka yangu ya kuwa chini yako inaisha lini? Akikujibu kwa kisa cha Ekalavya, rudi na kuni zako.